Paje, kwa Kundi au Peke Yangu

Jumanne, 15 Julai

Salhiya bado yuko Paje kwa dada yake, Mayasa. Alipoondoka alisema anakwenda kupumzika. Hakusema anapumzika kutokana na nini. Nyumba hii ya Kikwajuni imekuwa kimya hata nimeanza kuieleza friji historia ya Ngome Kongwe. Inasikiliza vizuri kuliko Wafaransa.

Nimepata mpango. Kumfuata mke Paje kwa miguu yangu, hapana. Nitaonekana nimeshindwa. Lakini mimi ni mtembeza wageni. Nikifika huko kikazi, kundi nyuma yangu, wote wananisikiliza, nikapita mbele ya nyumba ya Mayasa kama bahati tu? Salhiya atatoka mwenyewe.

Kilichobaki ni kupata wageni.

Jumatano, 16 Julai

Forodhani tangu asubuhi. Wageni wa siku hizi hawataki kuongozwa. Wana simu, na simu inawaambia kata kushoto.

Nimemsogelea bibi mmoja wa Kiholanzi, nikamweleza kwamba kusafiri peke yake ni kujinyima. Akanijibu kwa upole kwamba amekuja huku makusudi ili awe peke yake. Sikumwelewa. Mtu anapanda ndege kutafuta kitu nilichonacho mimi nyumbani, tele?

Nikabadilisha maneno. Nikamwambia basi ninayo ziara ya watu wasiopenda ziara: yeye mbele, mimi nyuma, kimya kabisa. Akaingia duka la kanga. Nikamngoja mpaka adhana ya adhuhuri. Kumbe duka lina mlango wa pili.

Qais akapita. Zamani tulifanya kazi pamoja. Sasa ana kampuni yake, na wageni wanamfuata kama vifaranga. Akaniuliza mbele yao kama siku hizi nalinda duka la kanga.

Alhamisi, 17 Julai

Nimebandika tangazo: "Safari huru ya Paje. Hakuna mwongozaji. Mwongozaji atakuwepo." Bi Zuleikha wa mkahawani amelisoma mara mbili, akaniuliza nauza nini hasa. Nikamweleza. Akaniletea kahawa.

Simu imelia mara moja tu. Sauti ya kurekodiwa, inanikumbusha kifurushi kinakwisha. Nimeisikiliza mpaka mwisho.

Jioni nikapata habari kwamba Qais anapeleka kundi Paje Jumamosi. Nikampigia kwa sauti nzito: Bwana Salem, mtalii kutoka Maskati, anaomba nafasi. Ipo! Nikifika huko nitatembea mbele ya kundi, mkono juu. Kwa mbali nani atajua kundi ni la nani?

Jumamosi, 19 Julai

Qais amenitambua kabla sijapanda gari. Nilijiandaa kugombana. Yeye akanibandika stika kifuani, "Salem, Maskati", akanipa kiti cha dirishani.

Mzee wa Kiitalia aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nimeuona Mji Mkongwe. Nikamwambia kidogo. Akaanza kunieleza habari za milango. Alikosea karibu kila kitu, lakini nilimwacha, maana alikuwa ananitazama usoni anaposema. Wakati wa chakula nikachelewa kunawa. Nikasikia Qais anawaambia wenzangu wasianze, Salem bado. Sijangojwa na mtu tangu Salhiya aondoke.

Kisha tukashuka pwani kuwaona wanawake wanaolima mwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikatangulia, mkono juu, kama nilivyopanga.

Aliyetupokea ni Salhiya.

Kanga kiunoni, miguu majini, fungu la mwani mkononi. Sikujua kama anafanya kazi hii. Sikuwahi kuuliza anafanya nini huko. Alimuuliza kila mgeni jina lake na alikotoka. Alipofika kwangu akasoma stika. Akasema karibu Paje, Bwana Salem, akaenda kwa anayefuata.

Alieleza vizuri. Watu walimuuliza maswali naye akawa anacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nikanyoosha mkono nami niulize. Hakuniona. Au aliniona.

Wenzangu walipokwenda kununua sabuni za mwani, akanijia.

"Umekuja na gari zima, Abdulhakim," alisema taratibu. "Ungekuja peke yako, ningekutilia chai."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Akaitikia kwa kichwa. Qais akatuita tuondoke, nikaenda pamoja na wengine. Gari lilipogeuka nikamwona ameshaingia tena majini, mgongo kwetu.

Jumapili, 20 Julai

Nimeyapima maneno yake tangu alfajiri. "Umekuja na gari zima." Kwa hiyo gari ameliona, na limemgusa. "Peke yako" maana yake bila Qais. Iko wazi. Kosa lilikuwa kufika na kundi la mtu mwingine.

Nimeshamwona mwenye basi dogo kule Jang'ombe. Watalii wa kweli wanasumbua, kwa hiyo nitawachukua majirani na wacheza bao, niwavishe kofia pana na miwani ya jua. Ayoub fundi cherehani amekubali kuwa Mjerumani. Tunaondoka Ijumaa baada ya sala.

Nimempelekea Salhiya ujumbe kwamba safari hii nakuja mwenyewe, aandae birika kubwa.

Ameusoma tangu asubuhi. Hajajibu. Bila shaka anatafuta birika.