Malalamiko Kuhusu Mume Wangu na Lugha za Marehemu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

KUH: MWALIMU WAKO WA HISABATI, AMBAYE PIA NI MUME WANGU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi mzima, mtoto mzima, cherehani nzima isipokuwa mkanda. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya siku ile ya mahafali nilipokupunguzia joho lako lililokuwa linaburuzika chini. Kama hadi leo haliburuzi vumbi, naomba wema huo ukumbukwe unapoyasoma haya.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi kwa wateja. Tunaishi watu wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka minane, na mama yangu mzazi, aliyeuza samaki sokoni kwa miaka thelathini mpaka kiharusi kilipomwangusha mwaka jana. Kilimwachia mkono wa kulia dhaifu, na maneno kikayachukua yote. Alikuwa anaelewa kila kitu, ila kinywa kimegoma. Mama yangu, ambaye sauti yake ilikuwa ikitoka kwenye samaki inafika kwenye mboga, akabaki kutikisa kichwa.

Mume wangu unamjua. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Akirudi kazini anasahihisha madaftari, anakula, anawasema wanafunzi wake, analala. Ndoa imara. Kisha mtunza maktaba wako akaamua kupunguza vitabu chakavu, akamwambia achukue boksi moja badala ya kulitupa. Ndani kulikuwa na kitabu cha kujifunza Kilatini. Kwa hiyo, Mheshimiwa, maradhi yametoka shuleni kwako, na ndiyo maana nayarudisha huko huko kwa maandishi.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kilatini. Mume wangu alianza kunyambua vitenzi huku akinyoa ndevu. Alipofika kwenye wakati uliopita alijikata kidevu, akaendelea hadi mwisho wa kitenzi ndipo akaomba pamba. Nilimuuliza lugha hii ataongea na nani. Akasema, "Na wenyewe." Nikamwambia wenyewe wamekufa wote. Akanijibu, "Ndiyo maana hawanikatizi." Nimeishi na neno hilo kifuani tangu wakati huo, na leo nalitua mezani kwako.

2. Kigiriki cha kale. Alibandika majina ya Kigiriki kwenye kila kitu jikoni, kwa herufi zao wenyewe, zile zinazofanana na kulabu na vifungo. Kopo la chumvi likapata jina. Kopo la sukari likanyimwa, kwa maelezo kwamba Wagiriki wale walitumia asali, kwa hiyo sukari haina haki. Akaja mama wa bibi harusi kupima gauni. Nikamkaribisha chai, nikamwambia ajitilie sukari mwenyewe. Yeye, kwa heshima, akachagua kopo lenye maandishi mazuri. Alikunywa kikombe chote, Mheshimiwa, bila kusema neno, kwa sababu ni mtu wa adabu. Gauni akaenda kushonesha kwingine.

3. Kinorsi cha zama za kati, yaani lugha ya mabaharia wa kaskazini wenye ndevu na mashoka. Hiyo nilidhani haitanifikia. Lakini binti yetu alimwita mwenzake "fifl" uwanjani, na yule mwenzake akalia kwa sauti ya neno tu, bila kujua maana. Mwalimu wao wa darasa akashindwa kutoa adhabu, maana hakujua kama ni tusi au ni salamu. Akamwita baba mtu aje kutafsiri. Baba mtu akafika, akasikiliza shauri zima, akakiri kwamba ndiyo, maana yake ni mpumbavu, kisha akamgeukia binti na kumsahihisha matamshi. Mbele ya mwalimu! Sasa darasa zima linalitamka sawasawa.

4. Kisumeri. Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni. Hawa ni watu walioandika kwenye udongo mbichi miaka elfu tano iliyopita, na mume wangu anasema huwezi kujifunza kuogelea kwa kusoma. Akaleta ndoo mbili za udongo wa mfinyanzi. Trei zangu za kuokea keki zikawa vibao vya kuandikia. Oveni yangu ikawa tanuri. Na kwa kuwa watu wale walitumia kijiti chenye ncha ya pembetatu, akakata kipande cha rula yangu ya mita moja, akaipiga msasa, akairudisha pale pale ukutani kama hakuna kilichotokea. Kwa wiki mbili nilikata suruali kwa mita isiyofika mita. Wapo wanaume watatu katika mji huu wanaotembea vifundo vya miguu nje, mmoja wao ni hakimu.

5. Viatu. Jumamosi asubuhi wanafunzi wako huja hapa kujifunza Kisumeri kwa hiari yao. Narudia: hiari. Hao hao ambao, kwa maneno ya mume wangu, hisabati walikuwa wanaikimbia kama mbwa mwenye kichaa. Sasa wanahesabu kwa sitini sitini kama Wasumeri, na wanabishana. Jumamosi iliyopita nilihesabu jozi ishirini na tatu za viatu mlangoni. Mteja mmoja alipoona viatu hivyo na ukimya ule wa watu walioinamia udongo, akanishika mkono, akanipa pole, akauliza marehemu alikuwa nani. Nikamwambia ni wengi.

6. Lalamiko hili ndilo kubwa, na naomba ulisome umekaa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mama mpira mdogo wa kuminya kwa mkono wa kulia. Mama aliuminya mara mbili, kisha akautupa dirishani. Lakini mume wangu alipokuwa anakanda udongo wake mezani, mama alivuta kiti, akachukua donge, akaanza kukanda naye. Mkono wa kulia. Niliendelea kupiga pindo.

Wakawa hivyo kila alasiri. Mume wangu akawa anamsomea maneno, kwa sababu ni mtu asiyeweza kukaa kimya na udongo. Nawe lazima ukiri kwamba maneno yao ni mafupi. Maji ni "a". Nyumba ni "e". Maziwa ni "ga". Anatamka vibaya, anarudia, anajicheka, anatamka tena. Siku moja akamchorea alama ya samaki, ile ya zamani sana ambayo bado inafanana na samaki, akamwambia, "Mama, hawa walikuwa na soko la samaki kabla ya sisi wote. Samaki waliita 'ku'."

Mama akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Akaisahihisha mkia kwa ukucha. Kisha akasema, "Ku."

Mheshimiwa, nilisimamisha cherehani. Miezi saba nilikuwa nimemsemesha mimi, kwa lugha aliyoninyonyeshea, kwa nyimbo, kwa picha, kwa machozi ya chumbani. Miezi saba! Na neno lake la kwanza akampa mkwe wake, kwa lugha ambayo hana jirani hata mmoja wa kuizungumza naye. Nauliza, hiyo ni haki?

7. Baada ya hapo maneno yakaanza kurudi, kwanza mafupi ya kule, kisha marefu ya huku. Wiki ya tatu, nikiwa na kitambaa cha satini cha mteja mapajani, mama aliniita jina langu. Lote, bila kuruka silabi. Nililia juu ya satini. Satini, kama hujui, haifichi tone. Nimelazimika kununua kitambaa kingine, na mhusika wa hasara hiyo ni mwalimu wako.

8. Sasa wanacheka. Mkwe na mama mkwe, watu ambao zamani walikuwa wakisalimiana kwa kuangalia sakafu, wanakaa meza moja na kutupiana maneno ya watu waliokufa, na kucheka hadi mama anashika mbavu. Nikiuliza kuna nini, wananitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Katika nyumba yangu mwenyewe, Mheshimiwa, mimi ndiye nisiyejua lugha.

Wifi yangu, dada yake mwenyewe, nilipomlalamikia alisema sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba tangu utoto kaka yake akishika kitu hakiachi mpaka kimwachie. Ndipo nikaona nije kwako. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba yafuatayo:

(a) Umwongezee vipindi vya alasiri, siku zote tano, ili afike nyumbani amechoka kama watu wengine.

(b) Ikiwa hatachoka, umkabidhi timu ya netiboli.

(c) Ikiwa ataifundisha timu ya netiboli kuhesabu kwa sitini, umhamishie tawi lolote la shule lililo mbali na udongo.

(d) Ikiwezekana, shule itoe waraka wa kupiga marufuku lugha yoyote ambayo wenyewe walikufa kabla cherehani haijabuniwa. Mbona mimi nashona bila kufufua mtu?

Nimeandika haya bila chuki. Ni baba mwema, ni mwalimu mzuri, na anaosha vyombo, ingawa sasa anaviosha akisoma maandishi aliyoyabandika kwenye mifuniko.

Nisalimie walimu wote, karani wa ofisi na mlinzi wa getini. Mtunza maktaba mwambie nimemsamehe nusu; nusu nyingine nitamsamehe nikipata rula mpya.

Ni mimi mwenye kuchoka lakini mwenye adabu,

Fundi wa nguo,
mke wa yule ambaye wanafunzi wako wanamwita Mwalimu Zamani.

TANBIHI: Kuhusu ombi (a), naomba Jumanne na Alhamisi zisiguswe. Mama naye ana zamu zake Jumatatu na Jumatano, na alipoona naandika ameniambia nikupe ujumbe kwamba akikosa somo atakuja ofisini kwako mwenyewe, na sauti imesharudi. Ijumaa nayo iache, ndipo tunapokaa wote watatu kufanya marudio. Kwa hiyo, ukihesabu vizuri, ombi (a) halina siku iliyobaki. Hayo ya (b), (c) na (d) nilikuwa na hasira. Nguo kwa Kisumeri ni "tug". Niliuliza kwa ajili ya kazi tu, na sasa nipo somo la sita.

Barua hii anakuletea mshitakiwa mwenyewe, bila bahasha. Usiwe na wasiwasi kwamba ataisoma njiani: imeandikwa kwa lugha ambayo wenyewe bado wako hai.