Malalamiko Kuhusu Visanduku Viwili vya Ndiyo na Hapana

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Lugha,

Pokea salamu zangu. Wadhifa wako unazistahili. Utafiti wako ni jambo jingine, nami nitalifikia kwa utaratibu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nilifundisha watoto kujibu swali kwa sentensi kamili. Jumatatu iliyopita mwanafunzi wako, binti mmoja, alikaa sebuleni kwangu, akatusomea mimi na mke wangu maswali ishirini, akatukataza kujibu zaidi ya ndiyo au hapana. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Swali la kwanza liliuliza kama nina afya njema. Goti langu la kulia ni zima, la kushoto linauma, na presha hutegemea taarifa ya habari. Nilieleza hayo kwa dakika kumi na mbili tu. Binti akaweka alama kwenye Ndiyo. Goti la kushoto halikuwakilishwa.

2. Swali la saba liliuliza kama nafurahia kuhojiwa. Binti alikuwa anatoka jasho, mkoba mzito miguuni, kikombe cha chai yetu mkononi. Ningemwambia hapana? Mmepima malezi yangu, mkayaita maoni. Hongereni sana.

3. Swali la kumi na tisa aliulizwa mke wangu: "Je, mwenzako anakusikiliza?" Mama huyu, ambaye huchagua nyanya kwa nusu saa, alisema "Hapana" kabla binti hajamaliza kusoma. Nilikuwepo. Nilikuwa nasoma gazeti, lakini nilikuwepo, na jibu lake nililisikia, jambo linalothibitisha kwamba namsikiliza. Jibu hilo lifutwe.

4. Ugonjwa wenu sasa umeingia ndani. Alhamisi mke wangu atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jana aliniuliza kama nitamsindikiza hospitali. Nilimweleza kwamba suala hilo lina sehemu nne: usafiri, foleni, goti, na maana halisi ya kusindikiza, ambayo ni kumfikisha mtu njiani, si kukaa naye kutwa nzima kwenye benchi. Nilipofika sehemu ya foleni, akasema, "Mwalimu, ndiyo au hapana?" Maneno yenu hayo! Leo asubuhi aliuliza tena. Nilipoanza sehemu ya pili alichukua simu akampigia dada yake. Shemeji yangu huyo, ambaye hajawahi kuweka nukta mwishoni mwa sentensi yoyote, alikubali kwa neno moja.

5. Kwa sababu hizo nadai kila swali liachiwe kurasa tatu za maelezo. Nadai pia mke wangu arudie mtihani mbele ya msimamizi, ambaye nitakuwa mimi. Mwisho, majibu ya neno moja yapigwe marufuku shuleni, mahakamani na hasa kwenye harusi, ambako watu hufungwa maisha bila hata kuulizwa sababu.

Nisalimie wahadhiri wote, makarani, anayewapikia chai, na mwanafunzi wako, ambaye alama zake za vema zimenyooka vizuri ingawa zimekaa pasipostahili.

Nasubiri jibu, tena refu.

Mwalimu mstaafu,
Nyumba ya mwisho, nyuma ya tangi la maji.

N.B. Nilipokwenda jikoni kutafuta bahasha nilimkuta mke wangu dirishani, ameisogeza karatasi ya hospitali mpaka puani. Alikuwa ameishika juu chini. Nikamwambia, "Ndiyo." Akauliza, "Ndiyo nini, Mwalimu?" Nikarudia, "Ndiyo." Akatulia kungoja sehemu ya pili. Alingoja muda mrefu, kwa mazoea yake, kisha akampigia dada yake kumwambia asihangaike. Swali la kumi na tisa liacheni kama lilivyo; Jumatatu lilijibiwa sawasawa. Na kama mnataka kuturudia, msije Alhamisi. Hatutakuwepo, sote wawili.