Malalamiko ya Mshindi Anayelazimishwa Kuuza Injini Yake

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ufundi,
Klabu ya Mbio za Magari za Ridhaa.

YAH: KANUNI YA KUZUIA GHARAMA, INAVYONIGHARIMU

Kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya tangu Jumapili, nakuandikia mimi mwanachama wako wa miaka kumi na moja, fundi wa meno ya bandia, dereva wa kile kigari cha kijani namba kumi na saba. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuilalamikia injini yangu. Nilikuwa nikimaliza wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho siku ambazo yule mwoka mikate tunayemwita Mzee Polepole naye alishiriki. Mlinipenda sana. Mlikuwa mkinipigia makofi hata nikiwa bado njiani.

Jumapili nikashinda. Sijavua hata helmeti, Mzee Polepole alikuwa ameshafika mezani kwenu na bahasha ya fedha, akitaka kuinunua injini yangu kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa. Kwa faida ya wajumbe wako ambao hawajaisoma, na kwa jinsi wanavyoitumia nadhani ni wengi, kanuni hiyo inasema mwanachama yeyote aliyeshindwa anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei ya matairi manne, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Eti kwa njia hiyo hakuna atakayethubutu kutia vipuri vya gharama. Nimepewa hadi Jumamosi niikabidhi, mkaguzi akishaifungua. Nikigoma, nafutiwa uanachama na ushindi wangu pia. Napinga, kwa sababu hizi.

1. Mnakagua washindi tu. Miaka kumi na moja hakuna mjumbe aliyeifungua injini yangu kuuliza kwa nini inakwenda vibaya vile. Kama kweli kamati inatafuta kasoro ndani ya injini, ianze na zile zinazoshindwa. Kasoro ziko huko, na hazihitaji hata kipimo, zinasikika.

2. Mkaguzi wenu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mtasema huo ni upendeleo kwangu. Hamumjui. Tangu nilipomuoa dada yake, mtu yule hajawahi kukubali jambo langu lolote bila kulipima kwanza. Jumapili aliingiza tochi kwenye tundu la hewa, akachungulia weee, kisha akaniambia mbele za watu: "Shemeji, humu ndani mnang'aa kuliko meno ya wateja wako." Watu wakacheka. Mke wangu alicheka kuliko wote, na jioni nilijipakulia chakula mwenyewe.

3. Kung'aa si kosa. Kanuni ya Nne inaruhusu kusafisha injini na inakataza kuichonga. Mimi nilisafisha. Ni kweli nilitumia mashine ya kazini kwangu, ile ya kulainishia meno, na ni kweli nilisafisha kwa miezi minane. Mimi ni mtu wa usafi. Ikiwa baada ya hapo matundu yalionekana yamepanuka, muulizeni uchafu, maana ulikuwa mnene mno.

4. Gharama sikuvuka. Pistoni nilipewa na mteja aliyekuwa hana namna ya kulipia meno ya juu. Vali nilipewa na mdogo wake, meno ya chini. Hakuna risiti kwa sababu hakuna kilichonunuliwa, na katika orodha yenu ya bei za vipuri nimetafuta meno sijayaona. Mkitaka kuhesabu na jasho langu, basi hesabuni na la mke wangu aliyenishikia taa, na hapo hakuna gari katika klabu litakalobaki halali, likiwemo lako Ndugu Mwenyekiti, ambalo nasikia hata kuliosha huoshi mwenyewe.

5. Mnunuzi hafai. Mzee Polepole si mtu mbaya, mikate yake tunaila nyumbani kila siku. Lakini anaendesha kama aliyebeba trei ya mayai mapajani. Injini ile ataifanyia nini?

Hapa niseme wazi, Ndugu Mwenyekiti: inaniuma. Nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kuwa wa kwanza katika kitu chochote. Shuleni sikuwa, kazini sijawa, hata kwetu nilizaliwa wa saba. Nilipokaribia mstari nikaona hakuna gari mbele yangu, nilidhani nimekosea njia. Nililia ndani ya helmeti. Siku hiyo ndiyo mnayoiuza kwa bei ya matairi.

6. Kama kanuni ni nzuri, basi itufikie sote. Mwoka mikate ambaye duka lake halikosi foleni amuuzie tanuri lake yule ambaye mikate yake haiumuki. Shemeji yangu, mwenye macho makali kuliko sote, atoe miwani yake. Na mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura nyingi akabidhi kiti kwa aliyeshindwa, kwa bei ya stuli nne. Nina hakika gharama za kampeni zitashuka mwaka huohuo.

Kwa hiyo naomba Kanuni ya Tisa ifutwe, injini ibaki kwangu bila kufunguliwa, na mkaguzi apewe likizo ndefu anayostahili.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, mshika saa, na yule mzee wa bendera ambaye Jumapili alinipungia huku haamini. Shemeji atasalimiwa na dada yake.

Ni mimi, mshindi wenu hadi Jumamosi,
Fundi Meno, gari namba 17.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kuiwasha injini kidogo, tuagane endapo mtakataa. Iliunguruma vizuri sana, nikakanyaga mafuta, kikasikika kishindo kimoja. Mkono wa pistoni umetokea ubavuni mwa injini na kutoboa ndoo ya rangi iliyokuwa kando. Barua nimeshaiandika kwa mwandiko mzuri, siwezi kuichana, ila nayafuta malalamiko namba moja hadi sita. Nimetafakari kwa utulivu na kuona kwamba Kanuni ya Tisa ina busara kubwa, na mwanachama mwaminifu hawezi kuipinga. Nasikia Mzee Polepole ameanza kusitasita. Mkumbusheni kwamba bahasha ikishawekwa mezani hairudishwi. Aje kuichukua leo, asingoje Jumamosi. Na shemeji asihangaike kuja na spana, kwa sasa ndani panaonekana vizuri bila kufungua kitu.