Kibuyu cha Cucu na Mafuta ya Mkaratusi

Wasichana wenzangu, leo aibu imenishika, tena aibu yenye harufu.

Mnajua mama yake Karanja alikuwa anakuja kwetu Ngoingwa leo kuonja uji wangu. Uji ukikataliwa, mimi pia nimekataliwa. (Na huyo Karanja nampenda, sifichi.)

Basi juzi nikitoka kazini, pale zahanati ya Ruiru, nilikuwa naota mchana. Dresa wetu, yule mfunga vidonda, alikuwa ametuonyesha mikebe miwili ya supu. Mmoja aliutia matone ya mafuta ya mkaratusi, mwingine akauacha hivyo hivyo. Ule usiotiwa kitu ulioza, ule wa mafuta ukakaa vizuri. "Haya yanaua vijidudu," akasema. Akanigawia kachupa.

Nyumbani nikakitazama kibuyu cha Cucu, bibi yangu, kile cha kuchachishia uji. Ndani umeganda uchachu wa miaka na miaka. Nikasema, mama mkwe hawezi kunywea uchafu. Nikakisugua kwa maji moto na mafuta. Mvuke ukapanda, macho yakajifumba. Nikajiona kanisani Thika, viatu vyeupe miguuni, Karanja amenishika mkono, watu wanaimba polepole. (Kumbe kachupa kote kanamwagikia ndani.) Nikamimina uji, nikaziba, nikalala usingizi mtamu.

Leo akaja mama yake Karanja na shangazi wawili, na mafua yake. Nikampa kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Machozi yakamtoka.

"Mami," akaniuliza, "huu uji ni wa lini?"

"Wa juzi, maitu," nikamjibu, yaani mama.

"Juzi, na haujachacha?"

Cucu akachukua kibuyu, akakinusa, akaketi chini.

"Nani ameosha kibuyu changu? Nilipewa na mama siku nikiolewa. Hakijawahi kuoshwa ndani."

Hapo ndipo nikaelewa. Niliua vijidudu vyote, hata vile vya kuchachisha uji. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama yake Karanja akainuka. Nikajua ndoa imekwisha. Akavuta pumzi ndefu kwa pua, akavuta tena.

"Pua imefunguka," akasema. "Tangu wiki jana sijanusa kitu. Nitarudi Jumamosi. Lakini mnipikie chai."

Kwa hivyo bado nina mchumba. Chekeni tu, lakini kwanza mwenye uji mchachu kwao anigawie kikombe kimoja nikifufue hicho kibuyu. Cucu hajaniongelesha tangu mchana.