Ukuta wa Bahari wa Foz do Arneiro

Mheshimiwa Padre Teotónio, mlezi wa roho zetu. Mheshimiwa Kamanda wa Zimamoto, pamoja na gari lako ambalo leo limewaka bila kusukumwa. Waheshimiwa wenyeviti wa kata zetu tatu, wawili mliofika na mmoja aliyemtuma shemeji yake. Mheshimiwa kiongozi wa bendi. Ndugu zetu mliorudi likizo kutoka Ufaransa na magari yanayong'aa. Wanawake wa ufukweni. Wavuvi mlioko nchi kavu na wavuvi mlioko baharini. Nanyi watalii mliopotea njia mkitafuta pwani nyingine: mimi, Daktari Belarmino Couceiro Paiva, rais wa halmashauri hii kwa muhula wa nne, nawasalimu. (Makofi. Bendi inapiga kabla ya wakati wake, inanyamazishwa.)

Kabla sijaufungua rasmi Ukuta wetu wa Kuzuia Mawimbi, niruhusuni niseme machache kuhusu jiografia. Halmashauri yetu imepakana upande wa mashariki na misonobari, upande wa kaskazini na halmashauri jirani, ambayo ina bandari na kuhusu hilo sitasema zaidi, na upande wa magharibi imepakana na Amerika. (Kicheko.) Tunazo kilomita tisa za pwani, ambazo mwezi wa pili, bahari inapokula mchanga, huwa nane, na ofisi yangu inafuatilia kwa karibu hiyo moja inakokwenda. Tunao mto ambao kila majira ya baridi huhamisha mlango wake bila kibali. Hatuna gati wala ghuba, ndiyo maana mashua zetu huingia kwa kupanda wimbi hadi mchangani, na zikishagusa mchanga huvutwa haraka na trekta kabla wimbi linalofuata halijazipindua. Trekta hiyo ni moja tu, ya Mjomba Hermínio, na ndiyo hii iliyoshika tela ninayoitumia leo kama jukwaa. Tumeiazima tangu alfajiri na kuipamba maua ya karatasi. (Makofi. Mjomba Hermínio, kwenye usukani, hapigi makofi.)

(Sauti ya mwanamke: "Bwana Daktari, samahani, mashua inarudi!" Ni Zulmira, mke wa nahodha Abílio.)

Tunaiona, mama, nayo ni fahari yetu. Imekwenda kutuletea sardini za chakula cha mchana, kwa maelekezo yangu mwenyewe. Naendelea.

Kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na wataalamu na kuthibitishwa na wataalamu wengine, ukuta huu, wenye urefu wa mita mia nne, umetekelezwa katika awamu sita za kimkakati, jumuishi na shirikishi, ambapo jiwe la msingi peke yake limewekwa mara tatu, na asilimia tisini na nne ya wadau walioulizwa wameridhika, huku asilimia kumi na moja wakiridhika sana. (Mtu kutoka Ufaransa anahesabu kwa vidole.)

("Bwana Daktari, upepo wa kaskazini umeinuka! Wako sita mle ndani, mume wangu akiwemo! Tupe trekta!")

Mama Zulmira, maswali yatapokelewa kwa maandishi, kwa nakala mbili.

("Abílio hajui kuandika akiwa chini ya maji! Huo ukuta uko wapi? Nionyeshe nimwambie ajifiche nyuma yake!" Kicheko kirefu. Kamanda wa Zimamoto anatazama viatu vyake.)

Ukuta, mama, si kitu cha kutazamwa kwa haraka. Ni ukuta wa kina. Umeanzia chini, kama kuta zote zenye maadili, na lengo letu la muda wa kati ni kuona sehemu ya juu. Naomba utulivu. Mjomba Hermínio, kwa nini unawasha injini?

("Ili izunguke, Bwana Daktari. Unashuka au unabaki?")

Rais wa halmashauri hashuki katikati ya aya!

("Basi shika kitu.")

(Hermínio anachomoa pini ya tela. Trekta inaondoka na maua yake ya karatasi. Tela inainama mbele, Daktari Belarmino anateleza hadi ukingoni na kubaki ameegemea nguzo ya kipaza sauti. Wananchi wanakimbilia majini. Zulmira ametangulia na kamba begani, na wapiga tarumbeta wanakimbia na tarumbeta zao.)

Nashukuru kwa mwitikio huu mkubwa wa wananchi. Kutoka kwenye mwinamo huu mpya wa kimtazamo, ninaona mbali zaidi. (Waliobaki ni Padre Teotónio na mpiga ngoma kubwa, ambaye hawezi kukimbia nayo.) Mashua, naona, imesubiri mawimbi matatu makubwa yapite. Sasa inakuja. Imegeuka ubavu. Padre, hebu... (Padre ameshaondoka, amekunja kanzu hadi magotini.) Imenyooka. Imegusa mchanga. Kamba imeshikwa. Vuta! Vuteni, jamani, vuteni!

(Trekta inavuta. Wimbi linafika na kukuta mchanga mtupu. Kelele ufukweni. Zulmira anampiga mumewe kofi la bega, kisha anamshika kola na hamwachii.)

Kwa hiyo, mpiga ngoma, itikia nami. Foz do Arneiro! (Ngoma moja.) Bahari yetu, ukuta wetu! (Ngoma moja.) Jana ahadi, leo ahadi iliyoboreshwa! (Mpiga ngoma anaweka fimbo chini, anakwenda kuangalia samaki.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu, ambao siku moja nitabahatika kuwafahamu. Namshukuru mchoraji wa bango lililo nyuma yangu, kwa kuwa bila yeye nisingejua ukuta ukoje. Na zaidi ya wote namshukuru nahodha Abílio na watu wake watano, ambao leo, mbele ya macho yenu, wamepita na mashua nzima mahali penyewe palipo na mita mia nne za ukuta kwenye ramani zetu, na hawakugonga hata jiwe moja.