Ufunguo wa Kulthum

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka na wazo. Chai nimeiacha ikapoa kwa haraka ya kulifikiria. Nyumba anayokaa dada yangu Kulthum ilikuwa ya marehemu baba. Alimpa siku ya harusi yake, kama wazee wote wa Amu, mji wetu wa Lamu, wanavyowapa binti zao. Lakini alimpa kwa mdomo! Karatasi hakuna. Basi si zawadi ile, ni mirathi, na kwenye mirathi fungu la mwanamume ni mara mbili ya la mwanamke. Mbona sikuliona hili miaka yote?

Ghorofa mbili. Dari la wazi juu kabisa, lenye upepo. Na wikio, kile chumba kilichopita juu ya ujia mpaka ukuta wa jirani. Wageni watagombania kulala pale. Gesti nimeshaipa jina: Fuad Palace. Nimechora kibao nyuma ya kalenda.

Mke wangu Zahra kaniuliza nachora nini. Nimemwambia samaki.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Kulthum na futi ya kupimia. Akauliza napima nini. Nikasema natafuta kumbukumbu za baba. Akaniwekea mahamri na mbaazi. Nimekula sita, maana kupima kunachosha. Kisha nikamwambia waziwazi: namshtaki kwa Kadhi.

Nilitarajia kilio. Hakuna! Aliendelea kumimina chai.

"Enda," akasema. "Maliza chai kwanda."

Imeniudhi sana. Mtu anayeshtakiwa atetemeke kidogo basi, hata kwa adabu tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nahitaji shahidi. Nimempata Shuaib, kaka yake Zahra. Hakuwapo kwenye harusi ya Kulthum, lakini ana sauti. Akinong'ona mtaa wa Mkomani, mtaa wa Langoni wanasikia. Kazi yake ni kueleza ada za mji: nyumba ya harusi binti hupewa akae, hapewi aimiliki.

Tumefanya mazoezi barazani asubuhi nzima. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni sheria. Akauliza kama ni kwa binti yule tu au kwa binti wote. Wote! nikamwambia. Bila kubagua! Akawa anafikiri. Nimefurahi kuona jambo linamwingia. Nimemuahidi kahawa ya bure Fuad Palace maisha yake yote. Nikamwazima na futi yangu, aliniomba, sijui ya nini.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kwa Kadhi. Kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, mafuta ya uturi. Nikaapa. Nikasema kwamba mjini kwetu hakuna baba anayempa binti nyumba moja kwa moja. Shuaib akatoa ushahidi wake vizuri mno. Akaurudia mara ya pili bila kuulizwa.

Kadhi akaniuliza: siku ya harusi, baba alimkabidhi binti nyumba? Nikasema sikumbuki. Kulthum akaomba ruhusa aseme. Akaeleza kwamba ufunguo uliletwa juu ya sinia, umefunikwa leso, baba akatamka mbele ya watu kuwa nyumba ni yake, naye akaupokea kwa mikono miwili. Kadhi akauliza nani aliyebeba sinia.

"Ni huyu Fuad," akasema Kulthum. "Akaangukia kizingitini, wanawake wakateka mpaka mato yakawatoka matozi."

Watu wa mahakamani nao wakacheka mpaka machozi. Damu ikanipanda. Nikaruka juu nikasema mimi sikuanguka, niliteleza tu, na ufunguo haukutoka kwenye sinia, nikaufikisha mkononi mwake salama!

Kadhi akaliandika neno hilo. Hapo ndipo nilipojisikia nilichosema.

Kadhi hakukawia. Zawadi imetamkwa, imepokewa, imekabidhiwa. Nyumba ni ya Kulthum. Akaniomba nikae kitako.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya. Nimeamka nimemkuta Shuaib anapima ukumbi wetu. Kwa futi yangu!

Nyumba hii ninayokaa na Zahra alipewa na marehemu baba yake tulipooana. Kwa mdomo. Shuaib anasema kwao hakukuwa na sinia. Mzee aliendelea kukaa ghorofa ya chini mpaka alipofariki, ufunguo u mfukoni mwake. Basi kukabidhi hakukuwapo, na Kadhi mwenyewe jana kauliza habari ya kukabidhi. Tena mume wa mwenye nyumba kaapa hadharani kwamba binti hawamiliki. Nikamwambia nilikuwa nasema binti wengine. Akanikumbusha nilisema wote.

Zahra alikuwa ngazini, anasikia. Hakupiga kelele. Alisema, "Uliapa," basi. Akaingia chumbani. Kisha akatoka na kusema kama nyumba si yake, basi na mimi sina haki ya kulala humo.

"Nde!"

Kabla ya adhuhuri godoro langu liko nje, kwenye ujia. Punda kasimama juu yake.

Nimeogopa. Nasema kweli. Watoto wangu wote wamezaliwa mle. Hata gizani najua ngazi ipi imemeguka. Haikunipitikia hata siku moja kwamba nyumba ile inaweza kwenda. Na shahidi mmoja tu angemsaidia Zahra, bwana harusi wa siku ile, aliyemsikia mzee akitamka. Bwana harusi ni mimi. Nani ataniamini?

Nimelala stoo kwa Famau, muuza barafu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya sala nimekwenda kuketi barazani. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Nilidhani wanamuonea huruma Kulthum. Wapi! Wanajionea huruma wenyewe. Amu nzima wanaume tunakaa nyumba za wake zetu, na wake wamesikia! Famau kalazimishwa na mkewe asimame mlangoni, atangaze mbele ya majirani kwamba yeye ni mgeni tu kwenye nyumba ya mkewe. Ametangaza, kisha akanifukuza stoo.

Yaliyomfika Shuaib ni makubwa zaidi. Mkewe Razan naye alipewa nyumba kwa mdomo, na kaka zake wa kisiwa cha Pate wamempigia simu wakiulizia habari ya ile sheria mpya. Razan kamtilia Shuaib nguo kwenye gunia.

Alasiri Shuaib akaja mbio kwa Zahra. Akasema mbele ya watu kwamba nyumba ni ya dada yake, hana dai, hatakuwa nalo. Alisema kwa nguvu ili Razan asikie mtaa wa pili. Akanirudishia futi. Alhamdulillahi! Nikabeba godoro mpaka mlangoni.

Zahra akaufunga mlango. Alisema kwa ndani kwamba kaka yake ni mjinga, amemsamehe. Lakini mimi Fuad, akasema, si mjinga, mimi nilikaa nikafikiri.

Nikaketi juu ya godoro. Watu wakapita, wakanikwepa kama mtaro. Halafu Kulthum akaja kuniita kwake, hana hata neno la kunisuta.

"Ndoo, Fuad. Wikio li wazi."

Nimelia kidogo. Ni vumbi.

Jumapili, 19 Oktoba

Upepo wa wikioni ni kama nilivyodhani. Kulthum amekwenda kuniombea kwa Zahra mara mbili. Zahra anasema atafikiri nikishakuwa na haya. Nimeahidi nitakuwa nayo.

Ila usingizi haukuja, nikawa nawaza. Nimepata kusikia kwamba kisheria mtu akikaa mahali miaka kumi na miwili, bila ruhusa na bila kufukuzwa, pale panakuwa pake. Miaka kumi na miwili si kitu! Shida ni hilo neno, ruhusa.

Kulthum kapanda sasa hivi na sinia ya mahamri na mbaazi. Akasema karibu. Nikajifanya sikusikia. Akasema tena, nikakohoa. Ameiweka chini, akashuka taratibu, akiniombea dua.

Nimekula yote. Asante sikusema, isije ikahesabiwa kwamba nilikaribishwa. Nimechukua futi, naanza na upande wa dirisha.