Zulia la Mlangoni na Nduguye

Kisa hiki nilikipata kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, mwaka ule alipovunjika mkono akaja kukaa kwangu miezi miwili. Yeye hakuwa na kazi ila kuongea, nami sikuwa na kazi ila kuchambua maharage na kusikiliza. Naye alikipata kwa mwenyewe, ndani ya basi, kwa mtu aliyekuwa amepakata zulia la raba kama aliyepakata mtoto mwenye homa. Kwa hiyo msije mkaniuliza nimejuaje alichokuwa akiwaza moyoni mwake. Alisema. Alikuwa mtu wa kusema.

Huyo mtu watu walimwita Mtaalamu. Utaalamu wa nini, hilo lilitegemea siku. Aliwahi kuwa mtaalamu wa mbegu za majani yasiyorefuka, na mtaalamu wa miwani ya kusomea usingizini, na kwa wiki nzima alikuwa mtaalamu wa kupima kama nyumba yako inamtazama jirani vibaya. Alikuwa na shati jeupe, viatu vya kujitazamia, na begi la ngozi ambalo ukilifungua unakuta begi jingine dogo, basi.

Siku hiyo mvua ilimkimbiza mpaka kwenye ukumbi mmoja wenye mlango wazi. Akasimama mlangoni juu ya zulia la kufutia miguu, anachuruzika maji. Ndani kulikuwa na meza ya kijani yenye wavu katikati, na wanaume watatu walioshika vibao, wanagombana.

"Mimi sikushindwa," alikuwa anasema mnene wao, Mwenyekiti wa chama cha mpira wa meza pale ukumbini. "Iliyoshindwa ni raba ya kibao. Mimi mtu wa kushambulia, nimebandikiwa raba ya mtu wa kujilinda. Ni kama kumpa mpiga ngumi glavu za kuoshea vyombo."

"Yako angalau inasikia," akasema Fundi Saa, mtu mwembamba aliyekuwa anafunga jicho moja hata akiwa hatengenezi saa. "Mimi ndiye mtu wa kujilinda, nataka raba yenye vipele, mpira unaokuja unasokoteka niurudishe umechanganyikiwa. Hii yangu laini kama kalimati... kama mto. Haichanganyi mtu."

"Sponji iliyo chini ya raba," akasema Dereva wa lori la maziwa. "Sponji nyembamba, huna kasi. Sponji nene, una kasi ila huna breki. Mimi naijua hiyo habari, naiendesha kila siku."

Basi Mtaalamu akasikiliza nusu saa nzima. Mvua ilipopungua alikuwa amepata elimu yote: kwamba anayejifunza anataka raba ya pole inayomsubiri, kwamba bingwa anataka inayonata na kuruka kabla yeye hajafikiri, kwamba mshambuliaji anataka laini na mlinzi anataka ya vipele. Aliyapata bure, kutoka kwa watu ambao angekuja kuwauzia hayohayo.

Jambo moja hawakulisema hata mara moja. Ile meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Ukiuweka mpira katikati unatambaa wenyewe kuelekea dirishani, kama umeitwa. Lakini meza ilikuwa ya wote, na miaka yote ilikuwa hivyo, wala hakuna aliyewahi kuilaumu. Kila mmoja alilaumu alichoshika mkononi.

Mtaalamu akainamisha macho. Wanaume watatu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, wanalilia raba, na yeye amesimama juu ya raba. Zulia nene, jeusi. Juu lina vipele vya kukwangulia matope, na katikati neno KARIBU kwa herufi zilizoinuka. Akalikunja pembe kwa ncha ya kiatu: chini laini kama shavu.

Mvua ilipokatika akaondoka. Zulia nalo likaondoka.

Siku ya pili yake, saa ya mapumziko ya mchana, alirudi na begi limevimba. Ndani mlikuwa na vipande vilivyooshwa kwa sabuni, vingine vimesuguliwa rangi nyekundu ya viatu, pamoja na wembe na gundi. Mlangoni alimkuta mama mmoja ameinama anatazama sakafu mahali palipokuwa na weupe wa pembe nne. Huyo ndiye mfagizi wa ukumbi, aliyeitwa Mama Funguo kwa sababu ya shada la funguo lililokuwa kiunoni mwake.

"Unatafuta nini, mama?" akamwuliza kwa upole.

"Zulia, baba. Lilikuwa hapa. Ijumaa Mwenyekiti anahesabu vitu vya ukumbi kwenye orodha yake. Kikipungua kimoja narudisha funguo, na chumba ninacholala kinafunguliwa na funguo hizihizi."

"Dunia imeharibika," akasema Mtaalamu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, akaingia.

Ndani hakupoteza muda. Alijitambulisha kuwa daktari wa raba. Hauzi raba, alisema, mtu yeyote anaweza kuuza raba. Yeye humpima mchezaji kwanza, kisha raba ndiyo inayomchagua mtu. Akamshika Mwenyekiti kiganja, akakinusa.

"Ukishuka ngazi unaanza na mguu gani?"

"Wa kulia."

"Bila kufikiri?"

"Bila kufikiri."

"Mshambuliaji," akasema Mtaalamu kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. "Na tena wa hatari. Umejizuiaje miaka yote hii, mzee wangu?"

Mwenyekiti akameza mate. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo, hata mkewe.

Hapo Mtaalamu akatandaza vipande mezani. "Kuna daraja tatu. Ya kwanza ya wanaoanza. Ni raba yenye subira, inakusamehe. Ya pili ya waliokwisha kuzoea. Ya tatu ya mabingwa, hiyo haisamehi mtu, wala sipendi kuiuza. Haya, nani hapa anaanza?"

Mle ukumbini hapakuwa na anayeanza. Dereva alikuwa ameshika kibao kwa mara ya kwanza mwezi uliopita, na yeye pia alikuwa ameshafika.

"Waliozoea?"

Fundi Saa akatazama dari kwa jicho lake moja.

"Basi," akasema Mtaalamu, anaonekana kushindwa, "nitabaki bila raba ya mabingwa hata moja."

Wakachukua za mabingwa wote watatu, na marafiki zao waliokuja baadaye wakachukua za mabingwa, mpaka begi likanywea na lile begi dogo la ndani likavimba kwa noti. Mwenyekiti alipata upande mmoja laini, mwekundu, na upande wa pili vipele vyenye herufi KA.

"Hii KA ni nini?"

"Kasi, mzee. Wenzako wanauliza, wewe unaitumia."

Fundi Saa alikuwa na RI, Dereva alikuwa na BU. RI, wakaambiwa, ni siri ya kiwandani. BU haikuulizwa, Dereva aliipenda tu.

Mama Funguo alikuwa anafagia vumbi la vipande chini ya meza. Akajinyoosha. "Na mimi nipe, baba. Ile ya wanaoanza."

"Unacheza, mama?"

"Sijaanza. Ndiyo maana nataka hiyo."

Watu wakacheka. Mtaalamu kwa ukarimu akampa kipande cha pembeni, kinene, bila malipo. Mama Funguo akakigeuza, akakipitisha kidole gumba upande wa chini, pole, kama anayepapasa paji la uso la mtu anayemjua. Akamtazama Mtaalamu. Kisha akapiga magoti, akakikunja kipande mara mbili, akakisukuma chini ya ule mguu mfupi wa meza.

"Hapo ndipo kinapofaa," akasema, akachukua ufagio wake.

Wakacheka tena. Hata Mtaalamu alicheka.

Mpango wake ulikuwa kuondoka asubuhi ya Alhamisi. Lakini alikuwa amesahau wembe wake mzuri ukumbini, na mtu wa kazi hawezi kuacha wembe. Akanyata mpaka dirishani achungulie, akaganda.

Walikuwa wanacheza. Namaanisha walikuwa wanacheza kweli. Mwenyekiti alipiga mpira ukatua pale alipoutaka, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu chama kiundwe. Fundi Saa akaurudisha. Mwenyekiti akaurudisha. Ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka Dereva aliyekuwa anahesabu akaishiwa na namba alizozipenda. Mikono ya wote ilikuwa myekundu mpaka viwikoni kwa rangi ya viatu, na hakuna aliyejali.

"Daktari huyu hapa," akasema Mwenyekiti. Wakamvuta ndani, wakajipanga mbele yake kwa heshima, vibao vifuani, vipele mbele: Mwenyekiti, Fundi Saa, Dereva. KA, RI, BU.

Mtaalamu akaruka, akamsukuma Dereva katikati. "Warefu wakae katikati," akasema, jasho linamtoka. Kwenye kona, nyuma ya ufagio, Mama Funguo alikohoa.

Usiku huo, alimwambia wifi yangu, hakufikiria kingine. Maisha yake yote alikuwa ameuza vitu ambavyo havifanyi kazi. Hiki kilifanya kazi. Aliwaona kwa macho yake. Je, kama lile zulia lilikuwa kweli raba ya mabingwa, ikapotea njia kiwandani, ikaishia mlangoni watu wanaipangusia matope? Akahisi uchungu alipokumbuka kwamba limekwisha, na lililobaki ni kile kipande alichokigawa bure kwa mfagizi.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla watu hawajafika, alikuwa mlangoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Raba zimekwisha?"

"Zimekwisha, mama. Zinatoka mbali sana."

"Mbali," akasema Mama Funguo. "Kutoka hapa uliposimama mpaka pale kwenye meza, hatua tisa. Nimelipiga brashi lile zulia miaka kumi na moja, mwanangu. Nikifumba macho nalijua."

Mtaalamu akatazama barabara, akapima mbio zake na viatu vyake.

"Usikimbie, sijamwambia mtu. Mwenyekiti anakuja saa nne na orodha yake, kibao chake kwapani. Anatafuta zulia na amelikumbatia, maskini." Akaketi kwenye benchi, akatua shada la funguo mapajani. "Mimi nasikitika jambo moja tu. Kwamba lilikuwa na nduguye."

"Nani?"

"Zulia. Yalikuja mawili, siku moja, begani kwa mtu mmoja. Moja likawekwa huku, la pili likawekwa kule nyuma."

Mtaalamu akaketi naye. "Lipo?"

"Lipo. Lakini hilo siuzi."

"Sijasema nalinunua, mama."

"Vizuri, kwa sababu siuzi. Hawa jana wamecheza vile kwa huyu mdogo. Mimi sijui mkubwa angefanyaje."

"Mkubwa?"

"Alikuwa mzito zaidi. Yule mchukuzi alimlalamikia yeye." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nikuuzie, halafu saa nne nionyeshe nini? Funguo hizi nizirudishe?"

"Nitakununulia zulia jipya sasa hivi. Duka si limefunguliwa?"

"La kijani? Maana jeusi linaonyesha vumbi."

"La kijani."

"Nene, lenye KARIBU?"

"Lenye KARIBU, mama, na maua pembeni ukitaka."

Mama Funguo akafikiri muda mrefu sana. Mtaalamu alisema hajawahi kuona mtu anayefikiri kwa kutesa namna ile. "Na begi dogo?" akauliza mwishowe, anatazama pembeni kama mtu mwenye haya. "Lile la ndani ya begi. Siyo kwa ajili yangu. Ni ili zulia lisione kwamba limetupwa."

Saa tatu na nusu zulia la kijani lilikuwa limetandikwa mlangoni, na begi dogo lilikuwa chini ya benchi, nyuma ya ndoo. Mama Funguo akaenda nyuma, akarudi na kitu kimekunjwa, kimefungwa kwa kamba. Kilikuwa cha mlango wa choo, wala Mama Funguo hakumficha. Kilifutwa kwenye orodha miaka minne iliyopita, kikawa kinangojea siku ya kuchoma taka. Mtaalamu alikipokea kwa mikono miwili.

"Kinanuka kidogo," akasema.

"Ni nguvu," akasema Mama Funguo.

Ndiyo maana mchana ule, katika basi, wifi yangu alijikuta amekaa pembeni ya mtu aliyepakata zulia, na abiria wa kiti cha nyuma wamefungua madirisha yote.

"Sikufichi, dada," Mtaalamu alimwambia, akiwa amemaliza kumsimulia yote haya. "Nilianza kama tapeli. Sasa nina bidhaa. Mji ninaokwenda una vyama vitatu vya mpira wa meza. Nimeacha ujanja."

Wifi yangu alilitazama lile zulia. Ni mtu wa kuuliza jambo moja tu, lakini analichagua.

"Hiyo meza yao," akasema, "kabla yule mama hajaweka kile kipande chini ya mguu, ilikuwa imesimama sawa?"

"Sawa wapi? Ilikuwa imelala upande wa dirishani, mpira ukiuacha unaondoka wenyewe." Akapiga mwayo. "Akaweka kile kipande, ikatulia. Wafagizi ndivyo walivyo, hawapendi kitu kimekaa upande. Lakini dada, meza inahusu nini? Mimi nakueleza habari za raba."

"Hapana," akasema wifi yangu, "haihusu."

"Lete kiganja." Akakishika, akakinusa, akafumba macho. "Mlinzi. Nilijua. Wewe unamwacha mtu apige mpaka achoke mwenyewe. Nitakukatia kipande tukifika."

Akalikumbatia zulia vizuri, akaliwekea kidevu. Basi lilipokata kona ya kwanza, kichwa kilianguka juu ya vile vipele, akalala.